Mwenye Kusoma Usiku Asinyimwe Siku ya Mtihani

Katika toleo hili twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa la mtu na nyumba yake, na kumbe ni jambo la chama. Jambo hilo ni kusoma digrii mtu akiwa kazini, bila kwenda kukaa chuoni. Wazee wetu waliyaita masomo ya posta. Siku hizi yaitwa elimu ya masafa, kwa kuwa bahasha na stempu zimeziachia nafasi simu na kompyuta.

Hapa Busia na Malaba wamo wenye kusoma hivyo katika kila namna ya kazi. Wamo makarani wa mawakala wa forodha, walinzi wa maghala, walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti, watumishi wa hoteli, na hata madereva wa malori ambao husoma wakiwa wamesimama katika foleni. Wengine hawataki kujulikana. Huficha vitabu vyao kama mtu afichavyo bidhaa za magendo, wakiogopa tajiri asije akanena kwamba mioyo yao haiko kazini tena.

Sisi twasema hakuna sababu ya kuficha. Na neno letu la leo ni hili: mfanyakazi anayesoma kwa fedha yake na kwa usingizi wake anastahili kupewa siku za mtihani pamoja na mshahara wake, na zamu yake isigeuzwe ghafula wakati mtihani umekaribia. Haki hiyo iandikwe katika mapatano kati ya chama na matajiri. Isiachwe kuwa hisani ya msimamizi mmoja, ambaye leo yuko na kesho amehamishwa.

JAMBO HILI SI GENI

Labda wako wanaodhani kwamba digrii ya namna hii ni ya hadhi ya chini, au ni mchezo ulioletwa na simu. Hao tunawaomba wasikilize historia kidogo.

Chuo Kikuu cha London kilifungua mlango huo mwaka 1858, kikaruhusu watu wafanye mitihani yake bila kukaa chuoni. Huko Afrika Kusini, chuo kikuu cha UNISA kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela alipata digrii yake ya sheria kutoka chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Kuna miaka ambayo wakubwa wa gereza walimnyang'anya ruhusa ya kusoma, lakini mwishowe alimaliza. Basi ikiwa hata mfungwa aliweza kupata nafasi ya kufanya mtihani, msimamizi wa ghala atasema nini mbele ya mtu huru anayeomba asubuhi moja tu?

Na katika vyama vya wafanyakazi vya Kenya mfano tunao nyumbani. Tom Mboya hakupata kuendelea na shule kwa ukosefu wa fedha. Mwanzo wa miaka ya 1950 alikuwa mkaguzi wa afya wa Jiji la Nairobi, na huku akifanya kazi hiyo alisoma kwa posta na chuo kimoja cha Afrika Kusini. Wakati huo huo alikuwa akijenga chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda Chuo cha Ruskin huko Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi. Twamtaja ili mkumbuke kwamba mtu aliyewatetea wafanyakazi wa nchi hii kwa ufasaha mbele ya matajiri na serikali alianza na masomo yaliyokuja kwa bahasha, akiyasoma baada ya kazi.

Mpaka wetu nao una sehemu katika habari hii. Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lilifungua chuo mjini Kampala, ili watu wa vyama kutoka nchi mbalimbali za Afrika wafundishwe uchumi, sheria za kazi na uendeshaji wa chama. Reli na barabara ziendazo Kampala ndizo hizi zinazopita mbele ya macho yetu kila siku.

Halafu ikaja zamu ya vyuo vyetu wenyewe. Mwaka 1967 chuo kikuu kishiriki cha Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo ya posta, makao yake Kikuyu. Masomo yalipelekwa kwa barua, na mengine yakasomwa katika redio ya Sauti ya Kenya. Waliofaidika sana ni walimu waliokuwa wakifundisha bila cheti. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kutoa digrii ya ualimu kwa masafa. Makerere ikafuata mwaka 1991. Tanzania ilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Kenya nayo ilitoa hati ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria chake tarehe 3 Agosti 2023, makao yake yakiwa Konza. Kwa hiyo mlango uko wazi kuliko wakati wowote uliopita. Tatizo letu ni saa ya kuupitia.

MASOMO HAYA YALIMFUATA NANI?

Tazameni jambo moja katika historia hiyo. Digrii ya kwanza ya masafa hapa Kenya ilikuwa ya walimu, na utaratibu ulifuata maisha ya walimu. Tangu hapo vyuo vingi vimekuwa vikiwaita wanafunzi wao wenye kazi katika miezi ya Aprili, Agosti na Desemba, wakati shule zimefungwa. Hatuwaonei kijicho ndugu zetu walimu, kwa maana nao wana taabu zao, na likizo ambayo wengine hupumzika wao huitumia darasani. Lakini angalau kalenda ya chuo na kalenda ya kazi yao zinajuana.

Mpaka haujui Agosti. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018, hufanya kazi usiku na mchana, na Malaba vivyo hivyo. Malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo hayafungi shule. Karani wa forodha huwa na zamu ya mchana wiki hii na zamu ya usiku wiki ijayo. Mtambo wa kompyuta ukisimama, karatasi hurundikana, na ukirudi huambiwa asiondoke mpaka mzigo umalizike. Je, mtihani ukiwa saa tatu asubuhi, na zamu ya usiku imekwisha saa moja, mtu huyo atajibu maswali kwa akili gani?

Dereva naye atafanyaje? Tarehe ya mtihani imewekwa, kituo chake kiko Kisumu au Eldoret, na yeye amepewa mzigo wa Juba. Akikataa safari ataitwa mkaidi. Akikubali, amepoteza muhula mzima na karo aliyokwisha kulipa.

Na mama mwenye kazi tusimsahau. Yeye akitoka zamu hupokewa na zamu ya pili nyumbani: maji, kuni au makaa, chakula, watoto na sare zao za kesho. Husoma wakati wengine wamelala, na mara nyingi husoma kwa simu ndogo. Hapa mpakani hata simu hiyo ina vituko vyake, maana huweza kudaka mtandao wa upande wa pili bila mwenyewe kutambua, na salio alilonunua kwa ajili ya somo likatumika kabla somo halijafunguka.

Mtu wa namna hii akianguka mtihani, watu husema kwamba masomo yamemshinda. Sisi twasema tazameni kwanza orodha ya zamu.

HESABU YA SAA

Tufanye hesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Amri ya jumla ya mishahara katika Kenya huweka kazi ya kawaida isizidi saa 52 katika siku 6 za wiki, na kazi ya usiku isizidi saa 60. Tuchukue hizo 52. Tuseme mtu analala saa 7 kila usiku, hizo ni 49. Jumla 101. Zinabaki saa 67 za kutembea kwenda kazini na kurudi, kula, kufua, kulima, kwenda kanisani au msikitini, kuhudhuria matanga, na kuongea na watoto. Mwenye kusoma akichota humo saa 15 tu kwa wiki, masomo yatakwenda.

Basi saa zipo. Kinachovunja masomo ni kutojua saa hizo zitaangukia lini. Mtu aliyejipangia kusoma Jumanne na Alhamisi usiku huvurugwa na zamu iliyogeuzwa Jumatatu jioni. Akivurugwa mara moja hujikaza. Akivurugwa mara tano huacha. Ndiyo maana katika madai yetu tumeitaja zamu pamoja na siku za mtihani, kwa kuwa jambo la pili bila la kwanza litasaidia nusu tu.

Sasa hesabu ya likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye mshahara kila mwaka. Tuseme chuo kina mihula miwili, na kila muhula una wiki mbili za mtihani, yaani siku 10 za kazi. Mihula miwili ni siku 20. Mfanyakazi akizitoa katika likizo yake, amebaki na siku moja kwa mwaka mzima. Likizo iliwekwa ili mwili upumzike na mtu akawaone wazazi wake. Mtu akisoma miaka sita bila kupumzika hata mara moja, atapata digrii na maradhi pamoja.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria hiyo ya 2007 imetaja likizo ya mwaka, likizo ya uzazi kwa mama na kwa baba, na likizo ya ugonjwa. Likizo ya masomo na ya mtihani haikuitaja. Kwa hiyo msimamizi akikuambia kwamba sheria ya ajira haimlazimishi, anasema kweli.

Lakini kuna jambo lingine ambalo wafanyakazi wengi hawajaambiwa. Mwaka 1974, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 140, unaohusu likizo ya masomo yenye malipo. Mkataba huo wasema kwamba mfanyakazi apewe nafasi ya masomo katika saa za kazi, kwa muda maalum, huku akipata malipo ya kutosha. Nao hausemi juu ya mafunzo ya kazi peke yake. Wataja mafunzo ya ngazi yoyote, elimu ya jumla na ya uraia, na elimu ya vyama vya wafanyakazi. Serikali ya Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 1979.

Tangu 1979 hadi leo watu wamezaliwa, wamesoma, wameajiriwa, na wengine wamekwisha kupata wajukuu. Neno ambalo nchi ililikubali Geneva bado halijafika kwenye meza ya karani wa Malaba. Nani atalifikisha? Si tajiri, kwa kuwa yeye hana haraka. Ni chama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, imetupa haki ya kufanya mapatano ya pamoja na waajiri. Mapatano hayo yakisajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huwa na nguvu ya sheria kati yetu na tajiri. Basi kile ambacho Bunge halijakiandika, sisi twaweza kukiandika.

Kuna na fedha ambayo yafaa mwijue. Kwa sheria ya mafunzo ya viwanda, mwajiri hulipa ushuru wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mwenye wafanyakazi 40 hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Ushuru huo ni kwa ajili ya mafunzo, na mwajiri aliyewafunza watu wake kwa namna iliyokubaliwa aweza kudai arudishiwe gharama. Hatusemi kwamba fedha hiyo italipa digrii ya kila mtu. Twasema mjumbe wa kazini ana haki ya kuuliza: hapa petu, ni nani aliyefunzwa, na lini?

TAJIRI ATASEMA NINI?

Twajua majibu yatakayotoka upande wa pili wa meza. Afadhali tuyatayarishie jawabu mapema.

Atasema, "Nikimwacha asome, akimaliza atanikimbia." Jawabu ni kwamba mtu huondoka mahali anapodharauliwa, awe na digrii au asiwe nayo. Karani aliyeelimika akiona nafasi ya kupanda cheo pale pale, atakaa. Akiona amesoma miaka sita na bado anaitwa "wewe kijana", ataondoka, na kosa si la kitabu.

Atasema, "Nikimpa mmoja, wote wataomba, na mizigo nani ataitoa?" Ratiba ya mtihani hutoka kabla ya siku yenyewe. Mfanyakazi ataleta barua ya chuo mapema, na zamu zitabadilishwa kwa mpango. Ghala linalojua nani hatakuwako Jumatano lina nafuu kuliko ghala ambalo mtu wake amejidai mgonjwa Jumatano asubuhi. Na hilo la kujidai mgonjwa sote twajua kwamba hutokea, kwa sababu mtu mnyofu hakuachiwa njia nyingine.

Atasema pia, "Digrii yake hainifai katika kazi yangu." Huenda ni kweli leo. Lakini mwajiri amenunua kazi ya mtu kwa saa kadha wa kadha, hakununua maisha yake yote ya baadaye. Na kama tulivyoonyesha, mkataba wa Geneva haukusema kwamba mfanyakazi asome yale tu yanayomfaa tajiri.

NA SISI WENYEWE JE?

Hapana budi tuseme ukweli na kwa upande wetu. Wako wanachama wanaonung'unika kwamba chama kisishughulike na watu wa digrii. Husema, "Leo mnampigania, kesho atakuwa msimamizi na atatusahau." Nung'uniko hilo lina msingi, kwa maana wako waliopanda wakatusahau. Lakini kijana wa kuli aliyeachwa apambane peke yake, akafika juu peke yake, atamkumbuka nani? Yule ambaye chama kilimsimamia apate siku zake za mtihani atajua kwamba digrii yake ina jasho la wenzake ndani yake.

Tena haki hii haiwi ya watu wa digrii peke yao. Utingo anayetaka kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtu mzima, mpishi anayetaka cheti cha ufundi, na mlinzi anayejifunza kompyuta, wote waingie katika mlango huo huo. Tukidai kwa ajili ya digrii peke yake tutakuwa tumejenga nyumba yenye chumba kimoja.

Wala hatutaki kumdanganya mtu. Digrii haikuahidi cheo. Wako vijana wengi wenye digrii ambao wanaendesha bodaboda hapa hapa. Mshahara wa karani wa zamu hupandishwa na mapatano kabla ya kupandishwa na cheti cha ukutani. Basi mwenye kusoma asiache kulipa ada ya chama kwa kutumaini kwamba kitabu kitamtetea. Asome, na mkutanoni aje.

USHAURI KWA WANAOTAKA KUANZA

Kwanza, hakikisha chuo kabla ya kulipa. Sisi tuko mpakani na vyuo viko pande zote mbili. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022, kiko kwenye barabara hii ya Busia kwenda Malaba. Ng'ambo kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kwa vyuo vya Kenya ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa vyuo vya Uganda ulizeni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la huko. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza kwamba nchi zetu ni eneo moja la elimu ya juu. Hilo ni jambo jema, lakini halikuondoa haja ya cheti cha nje kutambuliwa rasmi hapa nyumbani. Na mkumbuke kwamba chuo kutambuliwa ni jambo moja, na kozi yenyewe kutambuliwa ni jambo la pili. Ulizeni yote mawili, na jibu lipatikane kwa maandishi. Karo iliyolipwa kwa chuo kisichotambuliwa haina tofauti na fedha iliyotupwa mtoni.

Pili, usichukue mzigo kuliko mgongo wako. Tuseme digrii ina masomo 40. Anayechukua masomo 5 kila muhula, mihula miwili kwa mwaka, humaliza kwa miaka minne. Anayechukua 3 humaliza karibu miaka saba. Miaka saba ni mirefu, lakini anayemaliza kwa miaka saba amempita aliyeanza kwa masomo 5 akaacha katika mwaka wa pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, uliza gharama yote, usiulize karo peke yake. Kuna fedha ya kujiandikisha, ya mtihani, ya nauli na malazi, ya intaneti, na hata ya joho la kuhitimu. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, imewahi kuweka mkopo uitwao Jielimishe kwa watu walio kazini. Mwenye haja aulize masharti ya sasa, na riba yake, kabla ya kutia sahihi. Na tajiri akikulipia karo, soma vizuri karatasi anayokupa. Mara nyingi ndani yake mna miaka ambayo umefungwa usiondoke. Ilete kwa mjumbe wako kabla hujaweka sahihi, usiilete baadaye.

Nne, uliza mtihani utafanyiwa wapi. Masomo yaweza kuja kwa simu mpaka kitandani, na mtihani ukawa mji mwingine. Jambo hili liulizwe siku ya kwanza.

Tano, usimlipe mtu akuandikie kazi za chuo. Vishawishi hivyo ni vingi siku hizi. Cheti kilichopatikana hivyo humwaibisha mwenyewe siku anapoulizwa neno moja mbele ya watu, na huwapa matajiri nafasi ya kutudharau sote.

MADAI YETU

Basi twapendekeza mambo manne yapelekwe katika mkutano wa tawi, na yakikubaliwa yaingizwe katika madai ya mapatano yajayo.

1. Kila mfanyakazi aliyejiandikisha katika masomo yanayotambuliwa apewe siku ya kila mtihani pamoja na mshahara, na akiwa na zamu ya usiku, apewe na usiku unaotangulia. Siku hizo zisikatwe katika likizo yake ya mwaka.

2. Mfanyakazi akileta ratiba ya mtihani siku 30 kabla, zamu yake ya wiki za mtihani isigeuzwe ila kwa kukubali kwake. Kwa madereva, wasipewe safari itakayowazuia kurudi.

3. Mtu asifukuzwe, asihamishwe, wala asinyimwe cheo kwa sababu anasoma.

4. Kila mwaka tajiri awaeleze wajumbe wa kazini ni mafunzo gani yaliyofanyika, nani aliyeyapata, na nani atafuata.

Na jambo la tano ni letu wenyewe, halina haja ya ruhusa ya tajiri. Ofisi ya tawi ina meza, viti na taa, na jioni nyingi hukaa imefungwa. Twaomba halmashauri iifungue kwa wanaosoma, angalau jioni mbili kwa wiki na Jumapili mchana. Wanaosoma somo moja wakae pamoja. Aliyeelewa hesabu amweleze aliyeshindwa, na salio la intaneti likigawanywa kwa watu sita huwa jepesi. Mtu anayesoma peke yake chumbani huacha bila mtu kujua. Anayesoma na wenzake, asipoonekana wiki mbili, ataulizwa.

Ndugu Wanachama, wale mnaosoma jitokezeni. Mpeni mjumbe wenu wa kazini jina lenu, chuo chenu, na wakati wa mitihani yenu. Bila hesabu hiyo katibu ataingia katika majadiliano akiwa na maneno matupu, na tajiri atamwuliza, "Hao watu wako wangapi?" Tukiwa na orodha mkononi, atapewa jibu.

UMOJA NI NGUVU.

Mhariri